Kopo la Maharagwe la Mama Delphine

Mama Delphine alisema mtu yule alikufa akiwa bado na kitumbua mdomoni.

Alisema ameona kwa macho yake mawili. Ilikuwa sokoni, saa mbili ya asubuhi. Mtu mrefu mwenye baiskeli ya posta alinunua vitumbua viwili. Cha kwanza alikimaliza. Cha pili alikiuma tu, hakukitafuna. Alikohoa mara moja, macho yakageuka meupe, akaanguka pamoja na baiskeli yake. Lori likaja, likambeba.

"Na kitumbua yangu iko mu kinywa!" Mama Delphine alituambia. Akavimbisha shavu lake ili tuone jinsi shavu la maiti lilivyokuwa.

Ndivyo gripe, yale mafua makali, ilivyoingia katika lupango yetu, mwaka wa 1957, mwisho wa kiangazi. Iliingia kwanza kwa maneno. Ugonjwa wenyewe ulifuata nyuma.

Tulikaa Katuba, mtaa wa wafanyakazi mjini. Lupango yetu, yaani kiwanja chetu na nyumba yake, ilizungukwa na ua wa miti midogo. Upande mmoja alikaa Mama Delphine, muuza vitumbua, pamoja na mume wake Alphonse, fundi wa nguo. Upande wa pili alikaa Mama Martine, mwanamke wa Kasai. Alifanya kazi kwenye dispanseri ya maseri, wale watawa wa kike, upande wa akina mama na watoto. Mume wangu Donat ni fundi wa reli. Mwezi ule alikuwa ametumwa kazini Kambove. Nilibaki nyumbani na mama yake, Mama Constance, na mtoto wetu Kapya, wa miaka miwili. Mimi jina langu ni Annie, lakini katika lupango hakuna aliyeniita hivyo. Niliitwa Mama Kapya.

Nikikumbuka maisha yale, harufu yake inakuja kwanza. Vumbi jekundu lililonyunyiziwa maji asubuhi. Makaa yanayoanza kushika moto. Mafuta ya Mama Delphine. Mapema sana king'ora cha kiwanda kililia, na wanaume wakapita njiani, baiskeli nyuma ya baiskeli, wakisalimiana kwa kengele. Mchana tulipanga ndoo zetu kwenye bomba na kuchekana. Jioni tulitoka na viti vidogo, tukaenda penye njia panda.

Pale njia panda palikuwa na mti wa chuma, na juu yake kipaza sauti cha redio. Redio ile ilikuwa ya watu wote. Ilipiga magitaa, na wanawake walisukana nywele. Baada ya muziki yalikuja matangazo. Nani anatafutwa na ndugu zake. Nani amepotelewa na karatasi zake. Nani amekufa. Kabla ya kila jina la mfu, kengele ndogo ililia: ting!

Zamani tulisikiliza majina yale kwa adabu, halafu tukarudi kupika. Mwaka ule tulianza kuyahesabu.

Mama Delphine hakusoma shule. Alichukua kopo tupu la maziwa, akaliweka kando ya kikaango chake. Kengele ikilia, alitupa harage moja ndani ya kopo. Alikuwa anageuza vitumbua, anauza, anagombana na wateja, na sikio lake liko kwenye kengele.

"Miye siandike," alisema, "lakini kopo yangu haisahau muntu."

Mama Constance naye alikuwa na njia yake. Yeye ni mtu wa sala.

"Mama Kapya," aliniambia, "weye ulisoma kwa ba maseri. Andika bale bafu bote. Nitabaombea, kila muntu na rozari yake."

Nilichukua daftari langu la zamani la shule, nikaandika. Majina tu, moja chini ya lingine. Mama Constance alisali mpaka magoti yake yakavimba.

Alphonse ndiye aliyekuwa na gazeti. Mteja wake mmoja, Mzungu, alimpa magazeti ya jana ili afungie nguo. Alphonse alisoma Kifaransa. Alishika gazeti mbali na uso, mkono umenyooka kabisa, kama mtu anayejitazama katika kioo.

"GRIPE YA ASIA," alisoma kwa sauti kubwa. "MAELFU KITANDANI. IKO NJIANI INAKUYA."

"Na kule chini, mu maandiko madogo, banasema nini?" Mama Constance aliuliza.

Alphonse alikunja gazeti haraka. "Ni ile ile, mama. Maneno ya juu njo habari. Ya chini ni ya kujaza karatasi tu."

Hakuna aliyebisha. Alphonse alivaa tai hata siku za kazi.

Ndani ya siku tatu Katuba ilibadilika. Madirisha yalifungwa. Vitunguu saumu viliisha sokoni. Watu waliacha kupeana mkono. Kwenye ofisi ya karatasi za safari, watu walijipanga tangu asubuhi, bega kwa bega, wakikoholeana shingoni. Wote walitaka kurudi vijijini. Walikuwa wanakimbia ugonjwa, na walikuwa wanaubeba pamoja na mikeka yao. Mama Constance alijipanga siku mbili katika mstari ule. Alimbeba Kapya mgongoni.

Jumatano asubuhi Kapya alikohoa.

Mama Constance aliruka, akafunga mlango.

"Nyamaza! Mama Martine asisikie."

"Juu ya nini, mama?"

"Ule Mukasai anatumika kwa ba maseri. Akisikia kikohozi, atapeleka jina ya mutoto. Lori itakuya." Aliketi kitandani. Sauti yake ikashuka. "Weye hauyue. Kwetu Bukama, wakati nilikuwaka musichana, bazungu balibebaka bantu ya malale, ule bugonjwa ya usingizi. Mama mudogo yangu balimubebaka mu lori. Alituambia: muniwekee bukari, ile ugali yangu, nitarudia. Hatukumuonaka tena."

Jambo lile lilikuwa la kweli, na liliuma bado.

"Jumamosi tutapanda treni," alisema. "Tutafika Bukama, mwana ya Donat atapona kule. Mpaka Jumamosi, muntu asimuone."

Alimfunga Kapya kwa mablanketi mawili. Aliziba dirisha kwa matambara. Aliingiza mbabula chumbani, lile jiko letu la bati lenye makaa, akatupa majani ya mkalitusi juu ya moto. Na maji akakataza.

"Mayi itamutia baridi mu kifua."

Mimi nilinyamaza. Kwetu mke wa mtoto hajibizani na mama mkwe. Nilikaa, nikaangalia. Niliona mwili wa Kapya ukiwaka. Niliona midomo yake ikikauka. Kutoka Katuba mpaka Bukama, treni ni usiku na mchana. Nilijiuliza kama mtoto wangu ataweza kufika.

Alhamisi jioni nilikwenda njia panda na daftari langu, kama kawaida. Redio ilianza kwa Kifaransa. Ting! "Constantin," nikasikia, na "Karavia". Niliandika. Baada ya muziki kidogo, ilikuja kwa Kiswahili. Ting! Constantin, mpishi wa kule Karavia. Niliandika. Baada ya muziki tena, ilikuja kwa Chiluba. Lugha ile siijui, lakini kengele ililia, na nikasikia tena Constantin, tena Karavia.

Kalamu yangu ilisimama.

Nyumbani nilimsomea Mama Constance majina ya siku ile.

"Constantin wa Karavia tena?" alisema. "Jana nilimuombea. Juzi pia. Banamaliza bapishi bote ba Karavia!"

Nilifungua daftari ukurasa wa Jumatano. Constantin, Constantin, Constantin. Nikafungua ukurasa wa Jumanne. Constantin, Constantin, Constantin. Mtu mmoja alikuwa amekufa mara tisa.

Nilitaka kumwambia mama, lakini alikuwa ameshika rozari, na kikohozi cha Kapya kilikuwa kimeanza tena. Nilijiambia: kesho. Hilo ni kosa langu, na sitalificha.

Ijumaa asubuhi nilitoka kwenda bombani. Mstari ulikuwa mrefu. Niliporudi na kufungua mlango wa chumba, moshi mwembamba ulinipiga usoni, na joto, na harufu ya makaa. Mama Constance alikuwa ameketi karibu na mbabula. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka kifuani.

"Mama!"

Aliinua macho kama mlevi. "Kichwa yangu inauma… miguu inakataa…"

Kapya alikuwa amelala ndani ya mablanketi, mwekundu, kimya. Nilimwita. Alilia kidogo sana, na machozi hayakutoka.

Nilimtoa nje kwanza. Nikamvuta mama kwa kwapa mpaka kizingitini. Nikarudi, nikatoa mbabula, nikang'oa matambara yote dirishani. Halafu nilisimama kwenye ua wa miti, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Mama Martine! Kuya, tafazali! Mwana anakufa!"

Nyuma yangu nilisikia sauti ya Mama Constance, ndogo na chungu.

"Unauzisha mwana ya Donat. Mbele ya macho yangu."

Sikugeuka. Ningegeuka, ningerudi kunyamaza.

Mama Martine alikuwa anafua nguo. Alikuja mbio, povu la sabuni mpaka viwiko. Hakuuliza maneno mengi. Alisuuza mikono yake, akafunua blanketi moja, akafunua la pili. Aliangalia kifua cha Kapya kinavyopanda na kushuka, midomo yake ikihesabu. Alivuta kidogo ngozi ya tumbo, akaiachilia. Alimwangalia Mama Constance machoni pia.

"Tangu wakati gani hajakunywa?"

"Tangu Jumatano," nilijibu. "Maji kidogo sana. Nilimpa kwa siri usiku."

"Leta mayi ya kuchemsha, yenye imesha kupoa. Na kijiko. Kidogo kidogo, mara mingi."

Kapya alimeza kijiko cha kwanza. Alishika mkono wangu ili nisiondoe kijiko. Hapo ndipo nililia.

"Mama Constance," Mama Martine alisema kwa upole, akichuchumaa mbele yake, "mutoto iko na gripe. Ni kweli. Lakini kitu ilitaka kumuua leo haikuwa gripe. Ni ile mbabula. Makaa mu nyumba ya kufunga inatoa sumu. Hauione, hauisikie. Unalala, haulamuke tena. Na weye ungeenda naye."

Mama Constance alikuwa anapumua hewa ya nje. Rangi ilianza kumrudia. Na hasira pia.

"Haya. Umesha kumuona. Sasa ita lori yako."

"Lori gani, mama?"

"Ile ya kubeba bantu!"

Mama Martine aliketi chini kabisa, kwenye vumbi, na nguo yake safi.

"Mama, ile ya malale ilikuwaka. Siwezi kusema haikuwa. Ba tantine bangu babili, badada ya baba yangu, balibebwaka, kule kwetu Kasai. Lakini gripe haina kambi ya kufungia bantu. Lori inabeba muntu mwenye hawezi kutembea, inamufikisha ku lupitalo, kwa daktari. Ukipenda, unamufuata, unalala karibu yake. Na miye sipeleke jina ya muntu. Miye napima batoto na kunawa mikono."

Wakati ule Mama Delphine alikuwa amesikia kelele. Alipita katikati ya ua, kopo mkononi, Alphonse na tai yake nyuma.

"Usibadanganye bantu, Mama Martine!" alisema. "Angalia kopo yangu! Makumi tatu na kenda! Tangu Kazi-Moja, ile Jumatatu, mpaka jana! Kengele inalia, muntu amekufa!"

Alitikisa kopo. Maharagwe thelathini na tisa yalilia kama mvua juu ya bati.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu wazima. Lakini Kapya alikuwa mapajani mwangu, anameza maji, na nilikuwa nimeshavuka mpaka mmoja siku ile.

"Mama Delphine," nilisema, "nikopeshe maharagi yako."

Nilitandika kitenge chini, nikamwaga maharagwe. Nikafungua daftari.

"Constantin, mupishi. Redio inamusoma kwa Kifaransa, harage moja. Inamusoma kwa Kiswahili, harage ya pili. Inamusoma kwa Chiluba, ya tatu. Inarudilia siku tatu, mpaka kilio inaisha. Hesabu."

Nilitenga maharagwe tisa upande mmoja. "Ni muntu mumoja."

Mama Delphine aliinama. Midomo yake ilitembea bila sauti. Nilisoma jina la pili. Tisa. La tatu, tisa. La nne, tisa. La tano lilikuwa limeanza jana tu, kwa hiyo yalikuwa matatu. Kitenge kilikuwa na mafungu matano, na hakuna harage lililobaki pembeni.

"Batano?" Mama Delphine alisema. "Batano tu? Na hii mafuta yote nilichoma juu ya woga?"

"Na rozari zangu?" Mama Constance alisema.

"Constantin amefika mbinguni na mizigo ya kupita kiasi," Alphonse alisema.

"Weye nyamaza, wa maneno ya juu!" mke wake alimkata.

Mama Martine hakucheka sana. "Tuangalie hata bale batano," alisema. "Redio haikusema bamekufa na nini?"

Tulikumbuka pamoja. Kengele ilikuwa imeziba masikio yetu, lakini maneno yalikuwepo. Mmoja alikuwa dereva, lori lake lilipinduka njia ya Kambove. Mmoja alikuwa mama aliyekufa katika kuzaa. Constantin alikuwa na ugonjwa wa kifua tangu mwaka uliopita. Mmoja alikuwa mzee sana, alilala tu. Wa tano, bibi mmoja mzee, ndiye aliyekuwa na gripe.

"Njo vile," Mama Martine alisema. "Tusimucheke ule bibi. Gripe inaweza kuua. Inatafuta bazee, batoto badogo, bamama ya mimba, na bantu benye bugonjwa ingine. Njo bale tunachunga zaidi. Lakini bantu bengi banalala siku tano, siku saba, banakohola, banatoka jasho, banasimama."

Mama Constance alichukua harage moja la yule bibi. Alilishika ndani ya kiganja, akafanya ishara ya msalaba.

"Alphonse," Mama Martine aliuliza, "ile gazeti iko wapi?"

Gazeti lilikuwa limeshafunga vitumbua. Mama Delphine alilileta, limejaa mafuta mpaka linapitisha mwanga. Mama Martine aliomba Alphonse asome yale maandiko madogo. Alphonse alinyoosha mkono. Akaunyoosha zaidi. Akakohoa kidogo.

"Macho yangu," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Tangu mwaka jana. Ya juu tu naona."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo. Mke wake alimwangalia, na hakumcheka. Mama Martine alichukua karatasi, akatusomea polepole kwa Kiswahili. Wale maelfu walikuwa katika nchi za mbali. Wengi wao walikuwa wameshapona. Na mstari wa mwisho kabisa, chini ya doa la mafuta, daktari alisema: mgonjwa alale, anywe sana, na watu wasijazane pamoja.

"Ilikuwaka pale!" Mama Constance alisema. "Tangu siku ya kwanza!"

"Ilikuwaka pale, mama."

"Na miye nilimupeleka mwana mu ule mustari ya karatasi…"

Alitoa karatasi ya safari ndani ya kitambaa chake. Alikuwa ameilinda siku mbili. Aliiangalia.

"Kama tunapanda treni kesho?" aliuliza. Safari hii aliuliza kwa kweli.

"Mutoto mwenye kukauka, usiku na muchana mu joto, bantu banabanana," Mama Martine alijibu. "Anaweza asifike. Akifika, ataambukiza bazee ya Bukama. Gripe inasafiri na pumuzi ya muntu. Ukikohola, inatoka. Ukikohola mu mukono, unashika mukono ya mwenzako, umemupatia."

"Basi tufanye namna gani?"

Mama Martine alitueleza, na alituonyesha kwa mikono yake. Dirisha liwe wazi mchana. Kapya alale na nguo moja nyepesi, na tumpanguse kwa kitambaa cha maji yasiyo baridi sana homa ikipanda. Anywe maji ya kuchemsha, uji mwepesi, mchuzi. Mtu mmoja amtunze, awe mimi. Mama Constance alale chumba kingine, maana ni mzee. Anayekohoa afunike mdomo kwa kitambaa, na kitambaa kifuliwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mgonjwa. Mbabula ikae nje, siku zote, hata kukiwa na baridi. Na tusimpe vidonge vya sokoni.

"Na sikia muzuri, Mama Kapya," aliniambia. "Kama anapumua mbio mbio, mbavu zinaingia ndani. Kama anakataa kunywa kabisa, ao anatapika yote. Kama midomo inakuwa ya buluu, ao mwili inakazana na kutikisika. Kama anasinzia na unashindwa kumulamusha. Hata kimoja tu, usingoje miye. Mubebe, uende lupitalo. Hata usiku."

Nilirudia maneno yale mbele yake, moja moja, mpaka akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi treni iliondoka. Tulisikia sauti yake kutoka lupango. Mama Constance alikuwa ameketi nje ya dirisha la chumba chetu, kiti chake kwenye kivuli, anamwimbia Kapya kutoka nje. Sauti ya treni ilipopita, aliacha kuimba. Halafu akaendelea.

Jumapili Kapya alitoka jasho. Jumatatu aliketi. Jumanne alinyoosha kidole kuelekea jiko, akasema neno moja tu: "Bukari."

Mama Constance alilia, akacheka, akachapa unga kwenye maji kama mtu anayepigana na sufuria.

Mimi nilikohoa baadaye, na Alphonse pia. Tulilala, tulikunywa, tulisimama. Mama Delphine aliacha kuuza siku alizokohoa. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwake. Na jioni, penye njia panda, watu wa upande wetu walijifunza kusikiliza mpaka mwisho. Kengele ikilia, mtu aliuliza: ni nani? Amekaa wapi? Amekufa na nini? Tulimsoma jana? Alphonse akipata gazeti, alinipa mimi mkononi. Kifaransa changu ni cha darasa la tano, lakini tulianza na maandiko ya chini, neno kwa neno, na Mama Martine alisahihisha.

Baada ya wiki mbili Mama Delphine alirudi sokoni. Siku ile ile alirudi nyumbani mbio, kikaango kichwani, viatu mkononi.

"Amefufuka! Ule muntu ya posta!"

Mtu mrefu alikuwa amefika na baiskeli yake. Alisema siku ile kitumbua kilimkaba koo, akaanguka, na kichwa kikagonga baiskeli. Lori lililombeba lilikuwa la rafiki yake. Alikuja kudai kitumbua cha pili, kwa sababu hakukila.

"Ulimupatia?" Alphonse aliuliza.

"Nilimutupia yote, nikakimbia!"

Nafikiri kicheko chetu kilifika mpaka kiwandani.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Vumbi lilikaa chini, na ardhi ilinuka vizuri. Jumapili ile Mama Constance alipika munkoyo, kinywaji chetu cha unga na mizizi, akaita majirani wote wawili. Mama Delphine alileta maharagwe yaliyopikwa na vitunguu.

"Ni yale ya mu kopo?" Alphonse aliuliza, kijiko kimesimama hewani.

"Ni yale. Isipokuwa moja."

Lile moja, la yule bibi wa gripe, Mama Constance alikuwa amelizika kwenye ua, karibu na mlango. Lilikuwa limeshaota majani mawili.

Siku hizi katika nyumba ile ya Mama Martine kuna watu wengine. Ni watu wazuri, wananisalimia. Lakini nikipita na ndoo, bado natafuta povu la sabuni juu ya ua.

Jumapili ile Mama Martine alikuwa na barua katika mfuko wa nguo. Wazee wa mume wake walikuwa wameandika kutoka Luluabourg, kule Kasai. Walisema sasa ni wakati wa kila mtu kurudi kwao, maana watu wa Kasai walianza kuitwa wageni huku kwetu. Alituambia hivyo tu, halafu akamchukua Kapya mapajani. Magitaa yalikuwa yanasikika kutoka njia panda. Mama Constance, aliyekuwa akimwita "ule Mukasai", alimjazia kikombe mara ya pili. Hakukiachilia. Walikishika wote wawili.

"Mama Martine," alisema. "Usiende kule. Bakia na shiye hapa."

Mama Martine alikunywa munkoyo wake mpaka mwisho. Alikipangusa kikombe kwa kitambaa, ndani na nje, akakirudisha kwa Mama Constance kwa mikono miwili.